Vumbi la Ghorofa ya Pili

Wiki ya tatu tangu mafundi waanze kubomoabomoa upande wa mashariki wa shule, Zdravka Ninova alijikuna mbele ya wanafunzi wake bila kujitambua. Alikuwa amewapa mgongo watoto wa darasa la nane, anaandika mlinganyo ubaoni kwa mkono wa kulia, kumbe wa kushoto umejipenyeza ndani ya sweta unafukua. Alipogeuka aliona darasa zima linatazama mkono wake, si ubao. Akautazama na yeye. Kucha zilikuwa na damu.

"Mwalimu, umejichubua," alisema msichana wa dawati la mbele.

"Nimeona. Andika."

Nyuma ya ukuta drili ikaanza tena. Ilikuwa haina mpango. Ilinyamaza dakika kumi ukadhani wameenda kunywa kahawa, halafu ikavamia katikati ya sentensi. Na kila ilipovamia, vumbi liliingia. Lilipita chini ya mlango, likapita kwenye tundu la dirisha lililozibwa kwa nailoni, likatua kwenye madawati, madaftari, kope za watoto. Kufikia kipindi cha tatu ungeweza kuandika jina lako juu ya meza kwa kidole.

Shule ya Varovets ilijengwa kwa mabamba ya zege zamani, enzi za baba yake Zdravka. Sasa ilikuwa inatiwa mabomba mapya, madirisha mapya na kuta za kuzuia baridi. Kazi ilikuwa imepangwa ifanyike kiangazi, watoto wakiwa likizo. Mkandarasi akatokea Septemba, siku moja na watoto, na mwalimu mkuu hakuwa na ubavu wa kumrudisha. Basi wakabomoa huku wengine wanafundisha. Mbao mbili za umeme za kufundishia ambazo shule ilijivunia zilifungwa kwa nailoni na gundi, kona kwa kona, kwa amri ya mwalimu mkuu, zisije zikaharibiwa na vumbi. Walimu hawakufungwa na chochote. Walirudishiwa ubao mweusi na boksi la chaki.

Zdravka alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na ishirini na saba kati ya hiyo alikuwa amefundisha hesabu katika jengo lile lile, amesimama. Hajawahi kufundisha amekaa. Chaki aliifahamu, ilimkausha vidole kila msimu wa baridi, akapaka mafuta, ikaisha. Hii ya sasa haikuwa hiyo. Ilianza kati ya vidole, mistari midogo kama ya kukatwa na karatasi. Ikapanda viganjani, ikazunguka vifundo vya mikono, ikaruka hadi shingoni. Ngozi ilikuwa nyekundu, ngumu, imepasuka kama tope la mtoni kiangazi. Iliwasha kiasi cha kumnyima mtu utulivu wa kusikiliza anachoambiwa. Zdravka alianza kuzunguka darasani kupita kiasi, kwa sababu akisimama mahali pamoja mikono ilimkumbusha kuwa ipo.

Halafu zikafuata nywele.

Mji wa Varovets ulimjua kwa mambo mawili, hesabu na nywele. Alikuwa na msuko mmoja mnene kama kifundo cha mkono, rangi ya karanga iliyochanganyika na mvi, unashuka hadi kiunoni. Mumewe Tsanko, aliyefariki miaka sita nyuma, alikuwa na mazoea ya kuushika msuko ule sokoni ili wasipotezane, watu wakacheka. Hajaukata tangu usichana. Sasa kila jioni alipoufungua lilimwagika vumbi la kijivu mabegani, na nywele zilikuwa zimekakamaa kama majani makavu. Akaanza kuziosha kila siku kwa sabuni kali. Zikazidi. Zikaanza kukatikia katikati, nyingine zikang'oka na kuacha vipande vyekundu vya ngozi nyuma ya masikio.

"Njoo hapa, mwanangu," alisema mama mkwe wake, Bibi Yordana, jioni moja ya Oktoba. Kikongwe huyo alikuwa uani anachoma pilipili hoho za kuhifadhi mitungini kwa ajili ya msimu wa baridi, kama walivyofanya majirani wote. Mtaa mzima ulinukia moshi mtamu. Baada ya mazishi ya Tsanko watu walidhani wanawake hao wawili wataachana, lakini walibaki nyumba moja, wakigombana kwa amani. "Inamisha kichwa. Hee! Nani kakunyonyoa hivi?"

"Shule, mama."

"Shule! Shule ina mikono? Lete hilo kopo la mafuta ya kondoo, lina maua ya njano ndani yake. Babu yako mkwe alipona kichaa kwa hayo mafuta."

"Kichaa na ngozi wapi na wapi?"

"Kaa kimya, unanitikisa."

Akampaka. Kwa siku mbili Zdravka alinuka kama zizi na kuwashwa vilevile. Siku ya tatu Bibi Yordana akaingia kabatini, akamtolea glavu zake za ngozi, nyeusi, laini, alizoletewa zawadi enzi za ujana. "Vaa hizi ukienda shule. Vumbi halipiti ngozi." Zdravka akazivaa kwa shukrani. Kichwani akafunga kitambaa cha rangi ya buluu kilichofunika nywele zote hadi kwenye paji la uso. Akajitazama kwenye kioo, akaona mwanamke asiyemfahamu vizuri.

Kosa likawa hapo kwenye kitambaa.

Jumatatu watoto wa darasa la nane walikuwa watulivu ajabu. Hakuna aliyerusha karatasi. Kijana mmoja mtundu, ambaye kwa miaka mitatu hajawahi kuleta kazi ya nyumbani, aliileta. Jumatano jirani yake Bi Ginka alibisha hodi na sinia la mkate wa matabaka wenye jibini, moto bado, na chupa ya maji ya kiazi chekundu.

"Kunywa kila asubuhi kabla hujala kitu," alinong'ona akimshika bega. "Yanaongeza damu. Shangazi yangu yalimsogeza miaka minne zaidi."

"Yalimsogeza kutoka wapi?"

Bi Ginka akafuta chozi. "Una moyo mkubwa, Zdravka. Unatania hata sasa."

Mlango ulipofungwa ndipo akaelewa. Kitambaa, kukonda kwake wiki zile, nyusi ambazo nazo zilikuwa zimepungua. Mji mzima ulikuwa umekwisha kumpa saratani. Alisimama pale sebuleni na sinia mkononi, hajui acheke au alie, huku mikono ndani ya glavu inamchoma kama imeguswa na upupu. Alitaka kutoka nje apige kelele mtaa mzima kwamba haumwi. Lakini je, alikuwa na hakika? Usingizi haukumjia vizuri siku zile. Kutwa alijipapasa shingo, akahesabu vipele, akapoteza hesabu, yeye, mwalimu wa hesabu.

Alikwenda kwa mwalimu mkuu. Plamen Grozev alikuwa na miaka thelathini na tisa, na zamani alikuwa mwanafunzi wake. Hesabu za sehemu zilimtoa jasho, na Zdravka ndiye aliyembakiza darasani baada ya masomo mpaka akazielewa. Mpaka leo alisimama kila Zdravka alipoingia ofisini.

"Mwalimu Ninova, kaa, tafadhali. Nimesikia. Kama unahitaji mapumziko, chukua. Muda wowote."

"Umesikia nini?"

Plamen akatazama kalamu zake. "Watu wanaongea."

"Plamen, sina saratani. Nina vumbi." Akavua glavu, akaweka mikono mezani juu ya karatasi zake.

Plamen alishtuka, hilo lilionekana. Lakini akajikusanya upesi. "Pole sana. Lakini mwalimu, umri nao... mke wangu anasema mama yake alipofika umri huo, ngozi, nywele, kila kitu kilimgeuka."

"Umri haunipigi drili nyuma ya ukuta."

"Chaki basi. Wengine chaki huwakataa."

"Nimeishika miaka ishirini na saba. Inikatae leo?"

"Kazi itaisha Aprili," alisema Plamen kwa sauti ya mtu anayeomba. "Nikiisimamisha sasa, mradi wote unafungiwa na tunabaki na shule isiyo na madirisha. Nivumilie tu."

Akatoka na hasira. Zaidi ya hasira kulikuwa na lile neno, umri, lililomfuata kwenye korido kama mtu anayemkanyagia visigino.

Mwanzoni mwa Novemba shule zikafungwa kwa siku chache za sikukuu. Zdravka akapanda basi kwenda kwa dada yake anayeishi kando ya mto Danube. Glavu akazisahau nyumbani. Walivuna kabichi bustanini, wakatia chumvi mapipa mawili, wakasengenya ukoo wote. Siku ya tano alipokuwa anaosha vyombo alishtuka kuona mikono yake. Wekundu umefifia. Mipasuko imeziba. Hajajikuna tangu jana yake.

"Kwako kuna nini?" alimuuliza dada yake.

"Kwangu? Hakuna kitu. Ndio maana watoto wangu wote wamehama."

Akarudi Varovets Jumapili. Jumatatu akafundisha vipindi vitano. Jumanne asubuhi mikono ilikuwa imevimba kiasi kwamba hakuweza kufunga vifungo vya blauzi. Bibi Yordana alimfunga kama mtoto, bila utani safari hii.

Siku hiyo hakukaa chumba cha walimu wakati wa mapumziko. Hakuweza. Alishuka ngazi, akapanda, akatoka uani, akajikuta amevuka utepe mwekundu na kuingia upande wa mafundi, mahali ambapo mwalimu hakuruhusiwa. Hewa ilikuwa nyeupe. Mtu mmoja mfupi mwenye masharubu alizima grenda ya kukatia kuta na kuinua mkono.

"Mama, hapa hapapitiki! Utaangukiwa na tofali nifungwe mimi."

Alikuwa msimamizi wa mafundi, jina lake Sali, Mturuki wa vijiji vya mashariki ya nchi. Zdravka alikuwa amefungua mdomo amgombeze, lakini Sali alikuwa ameshaiona mikono yake, maana kwa uvimbe ule alikuwa ameacha glavu mezani. Uso wa fundi ukabadilika.

"Wewe ni mwalimu au fundi?"

"Mwalimu. Hesabu, ghorofa ya pili."

"Basi umepata ugonjwa wetu." Akavua glavu zake za mpira, na chini yake nyingine za pamba. Vidole vyake vilikuwa na magamba meupe na makovu marefu kwenye kila kiungo. "Hiyo siyo chaki, mwalimu. Hiyo ni saruji. Sisi kwetu ni kama kitambulisho. Ukimwona mtu anajikuna hapa na hapa, unamuuliza, saiti gani?"

"Lakini mimi sishiki saruji. Nimekaa nyuma ya ukuta."

"Ukuta gani? Tunaukata kwa grenda, mkavu mkavu. Unga wote unakwenda kwenu." Akaona aibu kidogo, akafuta masharubu. "Nilimwambia bosi tumwagie maji. Akasema maji yatavuja chini. Nilipokuwa Ujerumani, daktari alinibandika vibandiko mgongoni, kila kimoja kina dawa yake, akasubiri kiwake kipi. Kikawaka kimoja. Tangu hapo nikajua adui yangu kwa jina. Nenda ukabandikwe na wewe."

Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi kuna mtu alikuwa amemtazama bila kumhurumia wala kumzeesha. Zdravka alimshika mkono, mkono mbovu kwa mkono mbovu, akarudi darasani amechelewa dakika nne.

Daktari wa ngozi alikuwa makao makuu ya mkoa, mwanamke mrefu, mkavu, aitwaye Haralampieva, asiyependa maneno mengi. Alimkagua kichwa kwa taa, mikono kwa lenzi. Kisha akambandika mgongoni safu tatu za vibandiko vidogo, akaviandika namba kwa kalamu.

"Siku mbili. Usioge mgongo. Usitoke jasho. Usijikune."

"Nisijikune?"

"Hata ukutani."

Siku mbili zile Zdravka hakuzisahau maisha yake yote. Alifundisha amenyooka kama aliyemeza ufagio. Kufikia jioni ya kwanza mahali fulani chini ya bega la kulia palianza kuwaka, si kuwasha tena bali kuwaka, na mawazo yake yote yakahamia pale. Bibi Yordana alikaa naye akimsomea majina kutoka kwenye matangazo ya vifo ya gazeti ili kumsahaulisha. Asubuhi ya pili alitembea mara nne kutoka nyumbani hadi kanisani na kurudi kabla ya kengele ya shule, kwa sababu tu alikuwa hawezi kukaa.

Daktari alipovibandua akachukua kioo amwonyeshe. Vingine vyote vilikuwa vimeacha ngozi ya kawaida. Kimoja kilikuwa kimeacha duara jekundu lenye malengelenge.

"Kromu," alisema. "Ipo kwenye saruji na zege. Mwili wako umeshaijua na hautaisahau. Huu ni mzio wa kudumu. Chaki haikuhusika, ila imekukausha na kufungua njia. Na sabuni unazoogea kila siku zimeongezea. Nywele zitarudi, mizizi ipo hai, ngozi ya kichwa ikipumzika." Akatazama begi lake. "Hizo glavu ni zako?"

"Za mama mkwe wangu. Nazivaa zinikinge."

"Ngozi nyingi husindikwa kwa kromu hiyo hiyo. Ulikuwa unajikinga kwa kinachokudhuru."

Zdravka alicheka. Alicheka mpaka daktari akamtazama kwa wasiwasi, akacheka ngazi zote mpaka barabarani, na huko ndipo machozi yakamtoka. Haumwi. Yaani anaumwa, lakini si ule ugonjwa, wala si umri. Na kinachomuumiza kina jina.

Alhamisi kulikuwa na kikao cha walimu. Walikuwa kumi na saba kuzunguka meza ndefu, na hata humo vumbi lilikuwa limepaka vikombe vya kahawa. Plamen alisoma habari za ratiba. Alipouliza kama kuna mengineyo, Zdravka alisimama, akasoma karatasi ya daktari neno kwa neno.

"Pole sana, mwalimu," alisema Plamen. "Tutakutafutia darasa upande wa magharibi. Lakini hapa naona imeandikwa mzio. Mzio ni jambo la mtu binafsi."

"La mtu binafsi," alirudia Zdravka. Akakunja mikono ya blauzi hadi kwenye viwiko. Kisha, kabla hajapata muda wa kujishauri, akavua kitambaa cha buluu. Msuko ulikuwa umebaki unene wa kamba ya kiatu, na nyuma ya masikio ngozi ilionekana nyekundu. "Kuna mwenye la mtu binafsi kama langu?"

Mwalimu wa historia alitazama dirisha. Zdravka alianza kujitilia shaka. Pengine kweli yuko peke yake, pengine kesho mji utapata hadithi nyingine.

Ndipo Milka Tsoneva, mwalimu wa fasihi, mwanamke mbichi wa miaka thelathini na mitatu asiyetoka nyumbani bila poda na skafu ya hariri, akaifungua skafu yake taratibu. Shingo yake yote ilikuwa imeparuka.

"Nilidhani ni ile poda mpya," alisema kwa sauti ndogo. "Nimetupa vipodozi vyote. Mchumba wangu ameniuliza kama inaambukiza."

"Mimi nywele hazinihusu," alisema Asparuh, mwalimu wa fizikia, akiinamisha upara wake mezani, "lakini semeni hiyo theluji mnayoiona ni ya mwezi gani." Upara ulikuwa umejaa magamba. Watu wakacheka, na kicheko kile kikafungua mengine. Mmoja akaonyesha viganja, mwingine akafunua kope zilizovimba. Walikuwa sita. Wote wa ghorofa ya pili, upande wa mashariki.

Plamen alikuwa amekuwa mwekundu. "Nitaleta barakoa," alisema. "Kesho."

Alizileta kweli, boksi moja la barakoa za karatasi. Darasa alilomwahidi Zdravka halikupatikana. Huko magharibi kulikuwa kumejaa tayari. Na Jumatatu, katikati ya kipindi cha pili, grenda ikawashwa kwenye korido yenyewe, mita mbili kutoka mlangoni. Wingu jeupe likajitandaza chini ya mlango kama maziwa yaliyofurika sufuriani. Mtoto mmoja akaanza kukohoa. Yule msichana wa mbele alikuwa anajikuna kifundo cha mkono, taratibu, bila kujitambua, macho yakiwa ubaoni.

Zdravka akaweka chaki chini.

"Vaeni makoti."

"Tunakwenda wapi, mwalimu?"

"Mahali pa kupumua. Chukueni madaftari. Wawili wawili, bila kelele."

Hakuna mtoto aliyehitaji kuambiwa mara ya pili. Kwenye ngazi alisikia miguu mingine nyuma yake. Asparuh alikuwa anashuka na darasa la saba, barakoa imemning'inia sikio moja. "Nimeona unahama," alisema, "nikasema nisiachwe." Milka alikuja na darasa la tano wakiwa wameshikana mikono. Wale wengine watatu walibaki milangoni mwa madarasa yao wakitazama. Mwalimu wa historia alifunga mlango wake.

Walikuwa wamefika getini Plamen alipotoka mbio, shati tupu katika baridi ile.

"Mwalimu Ninova! Rudisha watoto! Huna kibali!"

Miguu yake ikasita. Ilikuwa miguu ya mtu aliyetii kengele miaka ishirini na saba. Watoto walikuwa wamesimama nyuma yake, mvuke unawatoka midomoni, wanamsubiri yeye.

"Plamen," alisema, "rudi ndani uvae koti. Utaumwa."

Akaendelea kutembea.

Waliteremka barabara kuu hadi jumba la utamaduni, lenye maktaba chini na ukumbi wa maigizo juu. Mtunza ufunguo aliwatazama watoto hamsini na kitu, akauliza ni sherehe gani, na kwa kuwa Zdravka alikuwa amemfundisha binti yake, akafungua. Habari zikafika mjini kabla hawajavua makoti. Wazazi wakaja. Bi Ginka akaja pia, maana mjukuu wake alikuwa darasa la tano, akamkuta Zdravka jukwaani kichwa wazi.

"Nywele zako!" akasema. "Kwa hiyo... huumwi?"

"Naumwa na shule, Bi Ginka. Vumbi la saruji."

Bi Ginka alimwangalia juu hadi chini, na kusema kweli alionekana ameibiwa kitu. "Na maji ya kiazi uliyanywa?"

"Yote."

"Basi yamesaidia," akasema, akaenda kuulizia mjukuu wake.

Jumatano, kwa malalamiko ya wazazi, akaja mkaguzi kutoka mkoani na mashine ya kupima hewa. Aliiweka ghorofa ya pili nusu saa, akaiangalia, akatoka nje kuikung'uta, akaiweka tena. Jioni kazi ilisimamishwa hadi watakapoleta grenda za kutumia maji na kuziba korido kwa kuta za mbao. Madarasa yote ya mashariki yakahamia jumba la utamaduni rasmi. Mradi haukufungiwa. Ulichelewa mwezi mmoja.

Plamen alimpa Zdravka barua ya onyo kwa kutoa wanafunzi shuleni bila ruhusa. Aliileta mwenyewe nyumbani, akakataa kukaa, akasimama na kofia mkononi.

"Ilinibidi, mwalimu."

"Najua. Leta kalamu." Akasaini. Kisha akamwangalia. "Ungenisikiliza mara ya kwanza, isingekubidi."

"Niliogopa," alisema Plamen. Hakusema aliogopa nini, na Zdravka hakumuuliza. Bibi Yordana alimpa mtungi wa pilipili aende nao, kwa sababu mgeni haondoki mikono mitupu hata akileta balaa.

Nywele alizikata wiki hiyo. Hakungoja ziishe zenyewe. Kinyozi wa mtaani alishika mkasi akasitasita, mpaka Zdravka akamwambia akate kabla yeye hajabadili mawazo. Alitoka na nywele fupi za kufika masikioni, shingo inapigwa na upepo, akatembea haraka, akijihisi mwepesi na uchi kwa pamoja. Hakupenda alivyoonekana. Alizoea tu, basi.

Msimu ule wa baridi alifundisha ukumbini, watoto wamekaa kwenye viti vya mahameli vinavyojifunga ukiinuka. Hapakuwa na ubao wala chaki. Alitembea jukwaani huku na huku akitamka milinganyo kwa sauti, na watoto waliikamata hewani, wakaigeuza vichwani mwao, wakapiga kelele za majibu. Baadhi walioshindwa ubaoni wakaanza kuweza. Baadhi waliokuwa wanaweza wakalalamika. Mikono yake ilipona karibu yote, si yote. Ilibaki mipasuko miwili kati ya vidole iliyofunguka kila alipopita karibu na nyumba inayojengwa, na tangu hapo hakupita karibu na nyumba inayojengwa bila kuvuka barabara.

Waliporudi shuleni Mei, kuta zilikuwa zimeoshwa na madirisha yalikuwa yanafunga vizuri. Mbao za umeme zilifunguliwa kutoka kwenye nailoni. Wiki ya pili simu ya chumba cha walimu ililia, ikawa yake. Sauti ilikuwa ya mwanamke kijana, ya mtu anayeongea amejificha.

"Mwalimu Ninova? Hunijui. Nafundisha jiografia mji wa jirani huku. Wanatubadilishia mabomba. Mimi... shingo yangu, na kichwani, naona aibu kusema. Hapa wanasema ni wasiwasi wangu tu."

Zdravka alivuta kiti, akabadili mawazo, akabaki amesimama. Akatafuta kipande cha karatasi na penseli.

"Usione aibu," alisema. "Anza mwanzo, mwanangu. Walianza kukata kuta lini?"